Tairi la nyuma haligusi kilomita elfu nane: wenye pikipiki kubwa za safari ndefu mnafunga lipi?

Mnyalu_wa_Lami · #1
Wakuu, salaam. Niende kwenye hoja.

Naendesha BMW R1200GS ya 2010, nimeichukua kwa mtu. Safari zangu ni Dar–Mbeya, mara nyingine nafika Tunduma, visanduku vitatu vimejaa na mara mojamoja mama watoto yuko nyuma. Tairi la nyuma (150/70R17) haligusi kilomita elfu nane. Pembeni lina kashata (meno ya tairi) nzuri kabisa, katikati limekuwa bapa. La mbele linakula taratibu, sina ugomvi nalo.

Sasa nakutana na watu wanaapa wanapata elfu kumi na nne, kumi na tano, kwa tairi lenye jina lilelile na saizi ileile. Ukweli uko wapi? Ni tairi, ni upepo, ni lami yetu au ni mkono wangu wa kulia?

Kiangazi hiki nataka nipige Songea, Mbinga, Mbamba Bay, nirudi Njombe, halafu Sumbawanga, Mpanda mpaka Kigoma. Sitaki kufungasha tairi la akiba. Naomba majina na sababu. "Hilo zuri mkuu" sitaki.

Siti_ya_Mbele · #2
Uzi tayari. Wajuzi waje, mimi nimeshakaa.

Kijiwe_Namba_7 · #3
Mkuu mimi niko na Boxer 150, nyuma 3.00-17. Napakia mishkaki, magunia ya mkaa, juzi nimebeba mbuzi na mwenye mbuzi. Tairi nabadili mara moja kwa mwaka, na bei yake unaijua. Nyie mnanunua pikipiki kwa bei ya kiwanja halafu tairi linaisha kama sabuni ya kipande. Mmepigwa.

Bwana_Radiali · #4
Kijiwe umechekesha ila swali lako lina maana, ngoja nilijibu.

Boxer ina nguvu za farasi kama 12. Hiyo GS ya Mnyalu ina 110. Nguvu zote hizo zinapita kwenye kipande cha mpira kisichozidi kiganja, na kila akifungulia mafuta kipande hicho kinasuguliwa. Ongeza uzito: pikipiki yenyewe imevuka kilo 220 na mafuta, weka visanduku, weka watu wawili. Tena mpira wa tairi la Boxer ni mgumu kwa makusudi, kwa sababu hakuna anayelala nao kona kwa kilomita 120.

Matairi ya safari ndefu siku hizi mengi yana mpira wa aina mbili: katikati mgumu ili udumu, mabegani laini ili ushike kwenye kona. Ndiyo maana pembeni kwako kuna kashata na katikati hakuna. Barabara zetu zimenyooka. Chalinze mpaka Morogoro unalala kona gani?

Majina sasa. Lami tupu: Michelin Road 5 au Road 6, Metzeler Roadtec 01, Bridgestone T32, lakini angalia kwanza kama saizi yako ipo maana nyingi ni za rimu za 17 mbele na nyuma, na wewe mbele una 19. Kwa GS waangalie Metzeler Tourance Next, Michelin Anakee Adventure, Bridgestone A41, Pirelli Scorpion Trail II. Ukitaka lidumu mpaka ulichoke, Heidenau K60 Scout au Mitas E-07. Ukitaka liishe kabla hujarudi nyumbani, funga TKC 80, lile la vumbi, ukimbize lami.

KamandaTochi · #5
Mnyalu, swali moja tu. Unatembea ngapi baada ya Mikumi?

Mnyalu_wa_Lami · #6
@KamandaTochi kwenye hifadhi natii, kuna wanyama na kuna faini. Baada ya hapo… 120, 130. Pakiwa peupe zaidi kidogo.

KamandaTochi · #7
Basi jibu lako hilo. Mimi na jamaa yangu tuna pikipiki zinazofanana, tumefunga matairi siku moja duka moja. Yeye wa 140, mimi wa 90 mpaka 100. Yeye kabadili, mimi bado natembelea. Tochi za trafiki vijijini, pale pa 50, ndizo zinazotunza tairi langu. Mnazilaani bure.

Siti_ya_Mbele · #8
Kumbe trafiki ni wadau wa matairi, sikujua.

Nduthi254 · #9
Wakuu habari zenu, mimi niko Nairobi, V-Strom 650, saizi ya tairi ni kama ya Mnyalu, 110/80R19 mbele na 150/70R17 nyuma. Mwendo siukatai lakini tusiuweke mbele ya kila kitu. Barabara ya Isiolo kwenda Marsabit mpaka Moyale siku hizi ni lami mpaka mwisho, kama kilomita 500, na pale hakuna mtu wa kukusumbua. Nimekimbia huko sana na tairi halikuisha haraka. Lakini nikizunguka zile barabara za mashambani zilizomwagiwa lami nyembamba na kokoto juu, tairi lilelile naliona likipungua wiki kwa wiki, na huko siwezi kupita 80.

Kwa hivyo mimi nasema ni uso wa barabara. Kokoto kali ni msasa.

Halafu @Bwana_Radiali umesahau Shinko 705. Bei nafuu, na wengi hapa Nairobi wanaipenda. Ni ya Japan.

Bwana_Radiali · #10
Kampuni ni ya Japan, tairi linatengenezwa Korea Kusini. Sikuisahau, niliiacha kwa sababu Mnyalu anataka kudumu na hiyo sifa yake ni bei.

Nduthi254 · #11
Ukigawa bei kwa kilomita utaona ni nani anayedumu, wewe. Tairi la nusu bei likienda asilimia sabini ya safari, nani ameshinda? Mfuko ndio unaopiga hesabu.

Dada_wa_Usambara · #12
Hesabu hiyo inakosa kitu kimoja kaka Nduthi: kila ukibadili tairi unamlipa fundi, na kama uko Mpanda wakati linaisha, unalipa basi kulileta na unalala gesti ukilisubiri. Hapo nusu bei inakuwa bei mbili.

Mimi naendesha Africa Twin CRF1000L, 21 mbele, 18 nyuma, tyubu pande zote. Nyumbani ni juu, Lushoto. Kutoka Mombo kupanda ni lami lakini ni kona tupu, na mvua ikinyesha kuna majani, kuna udongo mwekundu umeletwa na malori. Nawasikia mnataja tairi gumu, tairi gumu. Mpira mgumu kwenye lami iliyolowa, kona ya kushuka, abiria nyuma, mtanisimulia. Mimi nafunga gumu nyuma na laini mbele. Nyuma ikiteleza kidogo naweza kuirudisha. Mbele ikiteleza umeshalala chini.

Na kabla ya jina la tairi, someni umri wake. Kuna herufi DOT ubavuni na mwisho wake kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kuna duka moja mjini waliniletea tairi "jipya kabisa", lina vinyweleo bado, tarakimu zinasema lilitoka kiwandani miaka saba nyuma. Nililirudisha palepale. Pikipiki za saizi zetu ni chache, tairi linakaa stoo likisubiri mjinga wake.

Mnyalu_wa_Lami · #13
Asante dada. Langu nimelichungulia sasa hivi, lina miaka miwili tu. Kwa hiyo umri siyo.

Kijiwe_Namba_7 · #14
Miaka saba si ndio limekomaa? Mpira mgumu ndio hauishi, mmesema wenyewe juu.

Dada_wa_Usambara · #15
@Kijiwe_Namba_7 haujakomaa, umekauka. Mpira uliokauka unapasuka nyufa ndogondogo ubavuni na haushiki mvua. Michelin wenyewe wanashauri baada ya miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na kumi ndio mwisho hata kama kashata zipo.

Ami_Maskati · #16
Assalaam alaykum jamaa. Niko Muscat, asili Unguja. Nimesoma yote haya nikacheka kidogo.

Huku kwetu kuna njia ya Salalah, kupitia Nizwa na Haima, kilomita kama elfu moja, imenyooka mpaka usingizi unakushika juu ya pikipiki. Joto la Juni mpaka Agosti linapita 45. Kwa maneno yenu tairi langu lingekuwa linayeyuka. Walakini napata zaidi ya elfu kumi na mbili kwa tairi la nyuma la safari, na mwendo wangu si wa hao wa tochi. Lami ya huku laini, hamna kokoto, hamna viraka. Namuunga mkono Nduthi.

Msimu wa khareef ukiingia Salalah, manyunyu na ukungu, hapo namuunga mkono Dada. Njia inakuwa na utelezi, na yule mwenye tairi la kudumu ndiye anayetafutwa bondeni.

Mwl_Fizikia · #17
Ami, unasafiri saa ngapi?

Ami_Maskati · #18
Baada ya swala ya isha. Mchana wa Agosti nani atapanda pikipiki, mwendawazimu?

Mwl_Fizikia · #19
Ndiyo maana tairi lako halijaona hayo 45. Joto bado lipo mezani kama sababu, hujaliondoa.

Lakini mbona tumefika #19 na hakuna aliyemuuliza Mnyalu upepo? Mnyalu, nyuma unaweka ngapi, na unapima lini?

Mnyalu_wa_Lami · #20
Nyuma naweka PSI 33 (kipimo cha upepo). Fundi pancha wangu wa siku zote anasema nikipandisha zaidi, joto la Mikumi litalipasua. Napima kwake, kabla ya kuondoka.

Fundi_Spana17 · #21
Thelathini na tatu! Na visanduku vitatu na mama watoto!

Mkuu, kitabu cha pikipiki hiyo kinataka bar 2.5 mbele na 2.9 nyuma ukiwa na mzigo. Hiyo 2.9 ni PSI 42. Tairi lenye upepo pungufu linajikunja na kujikunjua kila linapozunguka, kujikunja huko ndiko kunakozalisha joto, joto linalainisha mpira, mpira laini unaliwa. Fundi wako kageuza mambo juu chini. Kinachopasua tairi Mikumi ni upepo mdogo na mzigo mkubwa.

Na kama umelifikisha kwake ukiendesha, tairi limeshapata moto, kwa hiyo hiyo 33 yenyewe ikipoa ni 31 au 30. Nunua geji yako, pima asubuhi kabla hujawasha.

KamandaTochi · #22
Na ndio maana mwendo na upepo ni ndugu. Ukiwa na 33 halafu 130, hiyo ni oveni.

Mnyalu_wa_Lami · #23
Nimesoma, nashukuru. Ila naomba mnisaidie hapa. Nilishawahi kuweka 42 Dar–Iringa. Kwenye kila rasta pikipiki inaruka, kiuno kiliniuma mpaka Ilula. Na yule jamaa ninayemsema wa elfu kumi na nne, yeye naye anaweka 33, fundi ni mmoja, njia ni moja, anaenda Mbeya kila mwezi. Upepo unamwelezaje huyo?

Siti_ya_Mbele · #24
Hapo Fundi ajibu bila kutazama daftari.

Fundi_Spana17 · #25
Anabeba nini huyo jamaa? Ana kilo ngapi?

Mnyalu_wa_Lami · #26
Mwembamba. Begi moja la mgongoni. Lakini anakimbia kuliko mimi.

Fundi_Spana17 · #27
Basi uzito. 33 kwa mtu mwembamba na begi haiko mbali na inavyotakiwa, maana kitabu hichohicho kwa mtu mmoja bila mzigo kinasema 2.5 nyuma, ambayo ni kama 36. Kwako wewe na mizigo yako ni balaa.

Na kuruka kwenye rasta, angalia shokapu. GS ina kitufe cha kukaza springi kwa mkono, hata bisibisi huhitaji. Ukipakia lazima ukaze. Wengi tangu wanunue hawajakigusa.

Mwl_Fizikia · #28
Niongeze jambo ambalo wasafiri wa nyanda za juu wanabishania sana. Ukitoka Dar usawa wa bahari ukafika Mbeya, mita kama 1,700, hewa ya nje inakuwa nyepesi. Upepo uliomo ndani ni uleule, lakini geji inasoma tofauti ya ndani na nje, kwa hiyo inapanda karibu PSI 2.7 bila wewe kuongeza chochote. Watu wakiona hivyo wanapunguza.

Nduthi254 · #29
Mwalimu hapo sikubali. Mimi natoka Mombasa kuja Nairobi, kimo ni karibu hichohicho, asubuhi yake napima na nakuta geji haijapanda. Wakati mwingine imeshuka.

Mwl_Fizikia · #30
Kwa sababu Nairobi kuna baridi asubuhi, na hujaniacha nimalize. Pombe ya jambo hili ina vikombe viwili. Joto likishuka nyuzi kumi, tairi la PSI 36 linapoteza kama 1.7. Dar nyuzi 30, Mbeya alfajiri ya Juni 12 au chini ya hapo, tofauti 18, unapoteza karibu 3. Kimo kimekupa 2.7, baridi imekuchukulia 3. Vimefutana. Kwa hiyo ukiona geji imepanda Mbeya saa nane mchana usiguse, na ukiona imeshuka alfajiri usikurupuke. Pima asubuhi, weka ya kitabu, nenda.

Ami_Maskati · #31
Mwalimu anatoa mfano wa pombe na mie nimetoka msikitini. Haya.

Siti_ya_Mbele · #32
😂😂 Ami msamehe, anatoka Rombo huyo.

Houston_Mbongo · #33
Habari za kwenu. Nimewahi kuendesha Bongo, sasa niko Texas na Honda Gold Wing GL1800, pikipiki ya kilo zaidi ya 400. Nyote mnahangaika na elfu kumi na kitu. Mimi nyuma nimefunga tairi la gari dogo, 195/55R16, lile linaloweza kutembea hata likiishiwa upepo. Nimepita kilomita elfu arobaini na bado kashata zipo. Huku tuko wengi, wenyewe wanatuita watu wa upande wa giza.

Bwana_Radiali · #34
Nilijua mtu huyu atakuja. Kila uzi wa tairi duniani lazima aje.

Wasomaji msifanye. Tairi la pikipiki ni la mviringo ili pikipiki ilale kona juu ya duara. Tairi la gari ni bapa, ukilaza pikipiki inapanda juu ya kingo yake. Na ule mdomo unaokaa kwenye rimu, wa gari na wa pikipiki havikuchongwa sawa. Hakuna kiwanda cha pikipiki kinachoruhusu.

Houston_Mbongo · #35
Hakuna kiwanda kinachoruhusu kwa sababu kingeuza matairi machache. Nimepita milima ya Arkansas na hiyo kingo, niko hapa naandika.

Dada_wa_Usambara · #36
Kaka Houston njoo upande nayo Mombo–Lushoto, lori la kabichi linashuka, halafu uandike tena.

Kijiwe_Namba_7 · #37
Wazo. Kwa nini msichonge? Tairi la bajaji likiisha kashata, kuna jamaa wanachonga upya kwa kisu cha moto, elfu kadhaa tu unaondoka.

Fundi_Spana17 · #38
@Kijiwe_Namba_7 kijana wangu, nakuomba. Kuchonga hakuongezi mpira, kunapunguza uliobaki. Yapo matairi ya malori yaliyotengenezwa na mpira wa ziada wa kuchongwa na yameandikwa hivyo ubavuni. La pikipiki halina. Ukichonga unagusa nyuzi, na ukiwa na abiria barabarani huna cha kumwambia mama yake.

Kwenye mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo, ubavuni vimeonyeshwa kwa herufi TWI. Kashata ikilingana na kinundu, tairi limekwisha, liwe la Boxer au la BMW. Nauliza wangapi kijiweni kwenu wanavijua.

Kijiwe_Namba_7 · #39
Mzee kijiwe kizima tunatembelea mpaka nyuzi zionekane. Tutajirekebisha 🙏 Na ile hewa ya naitrojeni wanayouza kituo cha mafuta inasaidia?

Mwl_Fizikia · #40
Hewa unayovuta bure ina naitrojeni asilimia 78. Unauziwa hiyo 22 iliyobaki.

KamandaTochi · #41
Turudi. Kuna kitu hakijasemwa: mteremko wa Kitonga. Mnyalu, ukishuka unashikaje? Wengi mnashuka na gia ya pili, injini inalia, tairi la nyuma ndilo linalozuia pikipiki nzima na mzigo wake wote.

Bwana_Radiali · #42
Ulitaka ashuke na breki mpaka zichemke? Kushuka na gia ni sahihi pale, malori yanayosahau hilo tunayaona bondeni. Kitonga ni kilomita chache tu katika safari ya zaidi ya 800. Tairi haliishii Kitonga.

KamandaTochi · #43
Sikusema asishuke na gia. Nimesema aiachie klachi kwa adabu. Anayeangusha gia mbili kwa mpigo anaacha mpira barabarani, nenda kaitazame ile michirizi.

Nduthi254 · #44
Mbona hamjamwambia kitu kuhusu vumbi? Mpanda–Kigoma si lami yote, na watu wakiingia changarawe wanapunguza upepo ili pikipiki isirukeruke. Sawa. Kisha wanafika lami na hawarudishi. Hapo ndipo tairi linakufa, siku moja tu ya lami na upepo wa changarawe inatosha kulimaliza. Beba pampu ndogo ya betri. Kwa tairi la tyubulesi beba na zile nyuzi za mpira za kuzibia, unaziba bila kufungua gurudumu.

Dada_wa_Usambara · #45
Sisi wa tyubu tunawaangalia tu. Ila Nduthi, upepo mdogo kwenye mawe makali unakunja rimu pia. Mimi sishuki chini ya 28 nikiwa na mzigo, bora nirukeruke.

Mnyalu_wa_Lami · #46
Wakuu nimepata zaidi ya nilichoomba. Nimebakiwa na wawili: Tourance Next au K60 Scout. Bwana Radiali umezitaja zote. Metzeler na Pirelli Scorpion Trail wanashindana vipi hapo, au nimwongeze na yeye?

Bwana_Radiali · #47
Metzeler na Pirelli ni nyumba moja. Pirelli aliinunua Metzeler mwaka 1986, na kiwanda cha Breuberg, Ujerumani, kinatoa zote. Tofauti zipo ila si ugomvi wa majirani kama watu wanavyofikiri.

Kwa njia yako, K60. Ule mfupa wa mpira katikati ya saizi ya 150/70 umewekwa mahsusi kwa watu wa lami iliyonyooka na mzigo.

Dada_wa_Usambara · #48
Kwa njia yake, Tourance Next. Ametaja Njombe, na Njombe kuna baridi, ukungu na manyunyu hata wakati nyie wa Dar mnaita kiangazi. Huo mfupa wa katikati hauna mfereji wa kutoa maji.

Bwana_Radiali · #49
Dada, mwezi wa saba Njombe haina mvua ya kutisha mtu.

Dada_wa_Usambara · #50
Manyunyu na lami iliyojaa dizeli ya malori nimesema, mvua sijaitaja. Na abiria ni mke wake, si gunia.

Nduthi254 · #51
Chochote ukichagua Mnyalu, angalia namba ya uzito ubavuni. Nyuma kwako inatakiwa 69, yaani kilo 325. Mtu anaweza kukuuzia lenye 65 kwa saizi inayokaribia, hilo ni kilo 290, na wewe na Mama na visanduku mtalitesa. Na mshale wa kuzunguka utazame upande sahihi, mafundi huwa wanafunga kinyume.

Fundi_Spana17 · #52
Huku kwangu hawafungi kinyume.

Nduthi254 · #53
Sikukutaja mzee 😅

KamandaTochi · #54
Funga lolote kati ya hayo mawili, weka 42, halafu nenda 100. Ukirudi na elfu nane tena nitakula kofia yangu ya chuma. Lakini hutaenda 100, nakujua.

Ami_Maskati · #55
Na akienda 100 kwenye kokoto za Nduthi litaisha vilevile. Lami, jamaa. Lami.

Mnyalu_wa_Lami · #56
Kwa sasa nimeagiza geji kwanza. Tairi nitaamua nikisikia bei, kuna mtu analeta mzigo kutoka Dubai mwisho wa mwezi na nimemwambia anipigie picha ya DOT kabla sijatuma hela. Hili la zamani nalifanyaje? Pembeni bado zuri, roho inaniuma kulitupa.

Kijiwe_Namba_7 · #57
Nipe mimi, kuna mzee hapa kijiweni anashona katambuga, pembeni ndiko kunakofaa.

Bwana_Radiali · #58
Mwambie apime kwanza na sumaku. Matairi mengi ya radiali ya nyuma yana mkanda wa waya wa chuma chini ya kashata, kisu chake kitakwenda na maji.

Kijiwe_Namba_7 · #59
Kanijibu anasema ana patasi. Mkuu liko wapi, nije na Boxer?

Siti_ya_Mbele · #60
Kumbe tairi la BMW litafika Kigoma, miguuni.